Mama, Nitilie: Maneno ya Kula Kibandani Nansio

Mgeni wangu aliteremka melini Nansio, kisiwani Ukerewe, na begi mgongoni na daftari mkononi. Begi lilikuwa jepesi. Daftari ndilo lililonipa kazi. Ni Mjapani, alikuwa akifundisha hisabati kwa kujitolea ng'ambo ya ziwa, Kiswahili amekiokota darasani na ndani ya daladala, na kila alichokiona alitaka jina lake. Hatujafika mbali kutoka gatini, harufu ya mafuta ya moto ikatukuta. Akina mama walikuwa wamejipanga na sufuria zao, makarai yao, masinia yaliyofunikwa kawa. Akasimama, akafungua daftari.

"Mwalimu, mahali kama hapa panaitwaje? Kwetu ni yatai."

Nimefundisha Kiswahili miaka mingi kabla ya kustaafu. Yakanijia majina sita kwa mpigo, na hakuna hata moja lililokaa sawasawa. Nikamwambia tule kwanza. Makala haya ni jibu nililomnyima siku ile, na nawaletea ninyi mnaojua uchungu wa kukosa neno mbele ya mgeni.

Yatai, kwa maelezo yake, ni maneno mawili yaliyoshikana. Ya ni nyumba, au paa, au duka. Tai ni jukwaa, kitu kilichoinuliwa kubeba kingine. Basi yatai ni jukwaa lenye paa. Katika mji wa Fukuoka husukumwa hadi kando ya njia jioni, watu wachache wakakaa bega kwa bega mbele ya mpishi, na kabla hakujapambazuka limeshabomolewa na kuondolewa. Nilipenda kwamba neno zima halitaji chakula. Linataja paa na jukwaa, basi. Kula ni jambo linaloeleweka.

Sisi tumeletewa "chakula cha mtaani". Magazeti yanalitumia, mabango ya maonyesho yanalitumia, na mimi kila nikilisikia nahisi nguo imeshonwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Mtaa kwa Mswahili ni mahali pa kuishi. Una mwenyekiti, una majirani, una msiba wa kuchangia. Mtu akisema "narudi mtaani" anamaanisha anarudi kwao. Kwa hiyo chakula cha mtaani, ukilisikiliza kwa sikio la hapa, ni kile kinachopikwa nyumbani, kinyume kabisa cha kilichokusudiwa. Tena mtaani ndiko tulikokwisha kuwapeleka "watoto wa mtaani", na neno likirudi kutoka safari hiyo halirudi safi.

"Cha barabarani" kina vumbi. "Cha njiani" kimeshachukuliwa: hicho ni chakula cha safari, kile kilichofungwa na mama alfajiri, ndiyo masurufu. Nilijaribu yote mawili mdomoni nikayatema.

Majina ya mahali nayo yana vituko. Genge, kwa mfano. Leo tukisema gengeni tunamaanisha nyanya, vitunguu na fungu la mchicha. Lakini asili yake ni neno la Kiingereza la kundi la vibarua, na zamani genge lilikuwa kundi lenyewe la wanaume kazini, kisha pale walipouziwa chakula. Jina la walaji likahamia kwa wauzaji, halafu chakula kilichopikwa kikaondoka, mboga mbichi zikabaki. Siku hizi limezeeka vibaya: kuna genge la wezi, na polisi wakitangaza wamevunja genge, mwuza nyanya hushtuka kidogo.

Mgahawa una kahawa tumboni, gahawa kama wanavyoitamka Waarabu wa Ghuba. Najua migahawa Nansio ambayo haijawahi kuchemsha kahawa tangu ifunguliwe. Ukiiomba utaletewa maji ya moto na kikopo cha unga wa dukani, na mhudumu atakutazama kama uliyeomba dawa.

Hoteli kwetu ni pa kulia. Pa kulala ni gesti. Wageni hukosea hapa kila siku, na kosa si lao.

Kijiwe ndicho kipenzi changu. Jiwe dogo, mahali pa kukaa bila sababu ya maana. Lugha ingeweza kukiita kigogo, kiti, kibaraza, ikachagua jiwe, na mtu wa Mwanza, aliyezaliwa katikati ya majabali yaliyobebana, hahitaji kufafanuliwa. Lakini kijiwe ni cha maneno kwanza. Kahawa na kashata zipo kusindikiza mazungumzo. Huwezi kumpeleka mtu mwenye njaa kijiweni ukadhani umemsaidia.

Sasa tukaribie sufuria.

Mgeni wangu alikuwa amekwisha kulijua jina "mama ntilie", ila alilidhani ni jina la ukoo, kwamba wanawake hawa wote ni watu wa familia moja iitwayo Ntilie. Sikumcheka, maana tunalitamka hivyo hivyo bila kulifungua. Nikalifungua mbele yake kama mtu anavyofungua kunde: ni, tilia, e. Nitilie. "Mama, nitilie." Ni sentensi nzima, ombi la mtu aliyenyoosha bakuli. Sehemu kubwa ya majina ya kazi katika lugha yetu hutazama kazi: mpishi hupika, mshoni hushona, mvuvi huvua. Hili halisemi mwanamke huyu anafanya nini. Linasema sisi tunamwambia nini. Ameitwa kwa sauti ya njaa yetu.

Tazama pia ile li ya katikati. Hatukusema "nitie", na tumeponea hapo, kwani tia peke yake vijana wameiharibia sifa. Tilia ni kutia kwa ajili ya mtu, kwa faida yake. Ndani ya silabi moja kuna mpokeaji, kuna wema, na kuna matumaini kwamba mwiko utarudi sufuriani mara ya pili.

Tia yenyewe ni kitenzi cha ndani: tia chumvi, tia maji, tia moyo, na meli iliyomleta mgeni ilikuwa imetia nanga nyuma yetu. Weka ni kitenzi cha juu ya kitu. Ndiyo maana nahuzunika kidogo nikisikia wateja wa siku hizi wakisema "niwekee wali maharage". Wali unawekwa, sawa, uko juu ya sahani. Lakini maharage yana mchuzi, yanataka kutiwa. Sahani bapa imeua kitenzi cha bakuli. Kilichobaki ni jina la mama, kama ganda la konokono ambaye ameshaondoka.

Au ndivyo nilivyodhani. Mama tuliyemsimamia, akiwa bado ameinama anapuliza mkaa, alisema bila kututazama: "Karibuni baba zangu. Niwatilie nini?" Mgeni aliniangalia. Nikamwonyesha daftari, andika.

Serikali na mashirika wanapenda "mama lishe". Ni jina la heshima, limepigwa pasi. Lishe imetoka kwa lisha, na lisha ni kumfanya mwingine ale: mtoto mchanga hulishwa, mgonjwa hulishwa, ng'ombe hupelekwa malishoni. Mlaji hapa amenyamaza, kijiko kinamfuata mdomoni. Zaidi ya hayo lishe imekuwa neno la zahanati, lina vitamini na mizani ya watoto, na mtu anayekula ugali na sato wa kukaanga saa saba mchana hataki kukumbushwa mizani. Silikatai. Barua kwa halmashauri iandikwe mama lishe. Ila halina njaa ndani yake.

Likashika kasi la tatu mwishoni mwa 2018, pale serikali ilipowagawia wafanyabiashara wadogo vitambulisho vya shilingi 20,000: "mjasiriamali mdogo". Jasiri na mali, vikafungwa pamoja. Kama kazi ya uundaji wa istilahi naivulia kofia, kwani mtu anayethubutu kwa mali yake kidogo ndiye huyo huyo mama mwenye karai. Kasoro ni ule mkia, "mdogo". Ujasiri wa kuamka saa tisa usiku kuchambua dagaa upimwe kwa futi ngapi?

Mimi natoka na pendekezo la kwanza, na mnipinge mkitaka. Tuliachie "ntilie" liwe jina la jamii nzima ya vyakula hivi na namna hii ya kula. Mapishi ya ntilie. Bei za ntilie. Jioni tule ntilie. Mwanamume mwenye jiko la chipsi awe baba ntilie badala ya baba lishe. "Chakula cha mtaani" tukirudishe mtaani, kwa mama wa nyumbani, mwenye haki nacho.

Kuna kitenzi kingine kilichotufanya tusahau kula. Mama alipouliza "nipakue?", mgeni alitoa simu, akidhani kuna programu ya kupakua. Kwake pakua ilikuwa neno la simu tu, ndiko alikojifunzia. Nikamgeuza uso kuelekea gatini, ambako vijana walikuwa wakipakua magunia na kreti kutoka melini. Kisha nikamgeuza tena kwenye sufuria. Kitenzi kimoja, mizigo mitatu, na yote mitatu ilikuwa ikipakuliwa ndani ya hatua hamsini. Aliyelipa neno hili kazi ya simu alijua Kiswahili. Hakutunga, aliazima jikoni na bandarini. Istilahi nzuri mara nyingi hupatikana hivyo, kwa kulitazama neno la kale na kuliona lina nafasi mkono mmoja.

Wajapani, nilivyoelewa, hutumia yaki kwa mambo ambayo sisi tumeyagawia vitenzi vinne. Yakitori ni ndege wa kuchoma, mishikaki ya kuku kwa jicho la Nansio. Takoyaki ni vidonge vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, vinavyopikwa kwenye chuma chenye vishimo, na aliponionyesha picha nilisema papo hapo: hicho ni chuma cha vitumbua. Kumbe pweza ndiye tako. Nilimwomba kwa heshima zote asilitamke neno hilo kwa sauti sokoni. Kuna na taiyaki, mkate mtamu wenye umbo la samaki na maharage matamu tumboni. Tai wao ni samaki wa baharini, wetu ni ndege mla mizoga. Mkate huo hauna samaki, hauna ndege. Lugha mbili zimedanganya mlaji kwa neno moja.

Sisi tuna kaanga, choma, oka, na banika, na mwenye lugha hazichanganyi. Kaanga inataka mafuta. Oka inataka joto lililofungiwa. Banika ni ya mwanzi uliopasuliwa au wavu juu ya moto wa polepole, samaki akikauka huku akiiva, na nasikitika kwamba vijana wengi wa mwambao wa ziwa wanaliona tendo kila siku na kuliita "kuchoma". Banikeni. Neno lipo, halina wenyewe waliolihama.

Choma lakini ina siri yake. Ni kuunguza, na ni kudunga pia: mwiba huchoma, sindano huchoma. Chukua sasa mshikaki. Kwanza ni kijiti, halafu ndiyo nyama. Kijiti kinachoma nyama, kisha moto unaichoma nyama. Imechomwa mara mbili kwa kitenzi kimoja, na sidhani kuna chakula kingine kinachokitendea haki kitenzi chake namna hiyo. Watu hupenda kulitoa neno hili kwenye "shika". Tamu masikioni, ila Waomani nao wanauza mishkak kandokando ya barabara zao, vijiti vile vile, na jina hilo limevuka bahari pamoja na moshi wake.

Kuhusu zege nitakaa kidogo.

Chipsi zikimwagiwa mayai kikaangoni, yakashikana, ni chipsi mayai kwenye ubao wa bei. Mdomoni ni zege. Aliyelitunga hajulikani na hatajulikana, ila nina hakika alikuwa na vumbi la saruji kwenye kope. Kokoto ni chipsi, saruji ni yai, na kikishaganda hakivunjiki kwa urahisi hadi jioni. Angalia pia chombo. Karai ni neno la Kihindi la kikaango kikubwa chenye mashikio. Fundi wa Kiswahili alilipeleka kwenye ujenzi, akabebea zege la kweli kichwani. Kijana wa chipsi akalirudisha jikoni, na zege likamfuata. Mchana wa saa saba karibu na sehemu inayojengwa utamwona mtu ametua karai la zege chini, akavuka barabara, akasimama mbele ya karai jingine, akasema, "Nipe zege." Hakuna kamati ingefika huko. BAKITA, baraza la Kiswahili lililoundwa 1967, imefanya kazi ambayo naitetea kila nikisikia inasemwa vibaya, ila neno kama hili halizaliwi mkutanoni. Linahitaji njaa na mgongo unaouma.

Rosti ni kinyume chake, neno lililopotea njia. Kwa Kiingereza ni kitu kilichookwa kikavu. Kwetu lina nyanya, vitunguu na mchuzi mzito, na ukimletea mtu rosti kavu atadai amepunjwa. Nimeshakata tamaa ya kulirekebisha. Lina furaha lilipo.

Unguja wana maradhi tofauti, ya kubadili jina kwa ajili ya mgeni. Pale Forodhani, jina lenyewe likiwa na forodha ndani yake, mahali pa ushuru palipogeuka mahali pa kula, kuna chapati nyembamba inayokunjwa juu ya nyama na yai. Inauzwa kwa jina la pizza ya Zanzibar. Jina lake la kale ni mantabali, na limetoka kwa Kiarabu mutabbaq, kitu kilichokunjwa tabaka juu ya tabaka. Tabaka! Neno tunalo tayari, tunalitumia kwa udongo na kwa matajiri na maskini, na chakula chake tumekipa jina la Napoli. Mgeni aliyesafiri kutoka mbali anataka kuonja asichokijua. Ukimtafsiria mantabali kuwa pizza umemnyang'anya alichokifuata.

Kosa hilo wamelifanya kwa nia njema, nami nilikaribia kulifanya Nansio. Nilitaka kumwambia mgeni kwamba vitumbua ni takoyaki bila pweza. Nikajizuia. Ni vitumbua.

Samaki sasa, maana kisiwani hutaki niondoke bila kuwataja. Ziwa hili lenyewe lina majina mengi kuliko bandari zake. John Speke, aliyelifikia upande wa kusini mwaka 1858, aliandika kwamba wafanyabiashara Waarabu waliliita Ukerewe, kwa jina la kisiwa chetu, ambacho wenyewe tunakiita Bukerebe. Maji yote yale yakaitwa kwa jina la nchi kavu iliyo ndani yake. Halafu akaja na jina la malkia wake. Hata meli zina mafumbo: MV Clarias iliyopiga safari za Mwanza na Nansio kwa miaka mingi imebeba jina la kitaalamu la kambale. Watu wakapanda kambale maisha yao yote wakilalamika kwamba anakwenda polepole.

Dagaa ni jina moja lenye samaki wengi. Wa Mwanza si ndugu wa wa Kigoma, na wa pwani ni wengine tena. Mkenya akivuka mpaka atawaita omena, Mganda mukene, wote wakiwa wameshika kiganja kile kile cha samaki wa ziwa moja. Sina shida na hilo. Dagaa limekuwa jina la umbo na bei kuliko la ukoo. Ila msikilize muuzaji akitofautisha: dagaa kauzu ni wakavu, wadogo, waliokakamaa juani. Na mtu kauzu je? Yule mkavu wa macho, asiye na haya, unamdai naye anakusalimia kwa furaha. Sijui kama samaki alimpa mtu jina au mtu alimpa samaki. Wote wawili hawalainiki hata ukiwaloweka.

Sangara alipandikizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, mgeni asiyeaga. Kigoma walikuwa na sangala wao, binamu yake, na jina linafanana mno kuwa bahati tu. Lakini neno ninalotaka kulisimamia ni mapanki. Viwanda vya Mwanza vilipoanza kukata minofu na kuipeleka Ulaya kwa ndege, kilichobaki kilikuwa kichwa, uti wa mgongo na miiba iliyosimama. Wakakiita panki. Maelezo niliyokulia nayo ni kwamba miiba ile ilifanana na nywele za vijana wa muziki wa panki, zile zilizosimama katikati ya kichwa. Kikaangwe, kiuzwe kandokando ya njia, kiliwe kwa ugali wa muhogo. Filamu ya Hubert Sauper ya 2004 iliuonyesha ulimwengu mapanki kama picha ya aibu, na Rais Kikwete akaikemea hadharani 2006. Mabishano hayo yalikuwa ya siasa na biashara, sitayarudia. Wakenya kwenye mwambao wao waliita kitu hicho hicho mgongo wazi, jina linalolia: samaki aliyevuliwa nguo. Mapanki linacheka. Kati ya jina linalolia na linalocheka kwa mfupa ule ule, mlaji wa Mwanza alichagua la kucheka, na mtu wa nje akilitafsiri kuwa "mabaki" amelitoa roho.

Viazi vitamu vina fundisho la usahihi. Kwenye beseni moja pembeni ya njia kulikuwa na vipande vikavu vya aina mbili, na mgeni aliandika mstari mmoja: viazi vikavu. Mama mwenye beseni akamkatalia. Hivi vilivyokatwa vibichi vikaanikwa ni michembe. Hivi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikakatwa na kuanikwa ni matobolwa. Ladha ni tofauti, meno yanajua, na Wasukuma waliotuletea maneno haya hawakuona sababu ya kuyachanganya. Nimewahi kuambiwa na mtu msomi kwamba hayo ni maneno ya kienyeji, Kiswahili sanifu kina "viazi vilivyokaushwa". Maneno mawili ya maelezo kwa kitu chenye jina moja kamili! Muhogo nao una makopa, una udaga, una bada kwa watu wa Tanga. Kiswahili kilichotoa mikono kwa Wareno na Wahindi kisione haya kunyoosha mkono Usukuma.

Kisiwa hiki kina ushahidi wake katika jambo hilo. Aniceti Kitereza aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza 1945, akakaa nayo kwa miaka, mwisho akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatoka Dar es Salaam 1980, mwaka mmoja kabla hajafa. Jina la kitabu kile kwa Kiswahili linawaita wahusika Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hilo hunigusa kila nikilitazama jaladani. Mume na mke wa Ukerewe wanaingia katika lugha ya taifa, na mlangoni wanapewa heshima zao, Bwana, Bibi, huku majina yao yakibaki kama yalivyo. Michembe na matobolwa wanastahili mlango huo huo.

Tulikula wima, sahani mkononi, kwa kuwa benchi lilikuwa limejaa. Akaniambia wana neno la kula wima, tachigui, na jingine la kutembea huku unakula, tabearuki, ingawa wazee wao hawalipendi tendo hilo. Wetu pia hawalipendi. Kula njiani ni utoto. Lakini nikaona nasi tuna silaha yetu, kurudia kitenzi. Tembeatembea, shikashika, onjaonja. Ukirudia, tendo linakuwa jepesi, halina haraka, linarukaruka kutoka kitu hadi kitu. Anayepita kibanda hiki kitumbua kimoja, kile kipande cha muhogo, pale kijiti cha mshikaki, huyo anaonjaonja. Kulakula kuna ulafi kidogo, tuliache. Basi pale wanapoandika "utalii wa vyakula", neno lenye tai shingoni, mimi nitaandika kuonjaonja, na vile vidogo vidogo vinavyoliwa viwe vionjo. Hili ni la pili.

Sina ugomvi na mtalii mwenyewe. Kutalii kumetoka kwa Kiarabu cha kusoma na kupekua, nyumba moja na mtalaa wa shuleni. Mtalii wa asili ni mtu mwenye daftari. Nilimwambia mgeni hivyo akafurahi, akaacha kuona haya kwa maswali yake.

Kitu kimoja hakukiandika, alikifanya. Mtu alipita akasema habari zenu, na mgeni, mdomo ukiwa na ugali, akainua sahani kidogo na kusema, "Karibu." Mpita njia akajibu, "Starehe." Wakaachana. Nani alimfundisha sijui. Kwao, kabla ya kula, mtu hushukuru kwa kupokea. Kwetu anayekula hadharani ana deni kwa kila anayemwona, na analilipa kwa neno moja.

Imebaki yatai. Usiku ule nililala nikalitafuta, na asubuhi nilikuwa nalo. Jukwaa lenye paa kwa Kiswahili lipo shambani: dungu, pale mlinzi wa ndege anapokaa mpunga ukiiva. Lakini dungu liko juu mno na upweke mno kwa biashara. Nikashuka. Kichanja! Kile cha kuanikia vyombo, kile cha kuanikia dagaa ufukoni, miti michache iliyoinuliwa kubeba riziki isiguse mchanga. Ni tai ya Kijapani kabisa, na ni ya ziwa. Penye paa na kuta paitwe kibanda. Penye jukwaa tu, kando ya njia, paitwe kichanja. Nilijiona mjanja. Wareno waliwaachia Wajapani tempura, mgeni alikuwa ameniambia, kwa hiyo nikamwambia mimi namwachia kichanja.

Tulirudi kwa mama yule kunywa chai kabla ya meli. Nikamweleza mpango wangu wote, dungu, kichanja, Fukuoka. Alisikiliza huku akigeuza maandazi. Kisha akapiga mbao iliyo mbele yake kwa kiganja, mara mbili.

"Mwalimu, hii meza. Nina meza hapa mwaka wa tisa. Kichanja changu kiko nyumbani, kina masufuria." Akachukua kikombe. "Nikutilie sukari?"

Mgeni alikuwa ameshaandika: meza. Akaniuliza limetoka wapi. Nikanywa chai yangu kwanza, kisha nikamwambia: kwa Wareno.